HUJACHUPA DARAJANI? MKE HUPATI!

Na Mwandishi Wetu

Vijana wa mjini kila mmoja ana mbinu yake ya kumteka binti. Yuko anayejimwagia manukato mpaka abiria wa daladala wanafungua madirisha. Yuko anayeazima viatu kwa kaka na simu kwa shemeji, ilimradi siku ipite. Sasa hebu jiulize: ungeambiwa kwamba ili ukubalike ukweni ni lazima kwanza ujirushe mtoni kutoka kimo cha ghorofa ya saba, ungeoa kweli wewe?

Usicheke. Upo mji ambao wazee wake mpaka leo wanautania ujana hivyo hivyo. Unaitwa Mostar, uko Bosnia na Herzegovina, kule kusini mashariki mwa Ulaya. Katikati ya mji unapita mto Neretva, maji ya kijani kama jani la mgomba, na juu ya mto limekaa daraja la mawe la tao moja tu, jembamba, limepinda mgongo kama paka aliyeshtuka. Wenyewe wanaliita Stari Most, yaani Daraja la Kale. Masimulizi ya hapo yanasema kijana wa Mostar ambaye hajachupa walau mara moja kutoka kwenye daraja hilo si mume wa kutegemewa. Posa apeleke mji mwingine.

Lakini ukidhani hii ni hadithi ya mapenzi na kuogelea tu, umepotea. Daraja hili limekula karne 4, limepitisha misafara, limepigwa makombora, limeanguka, limepelekwa mahakamani na limejengwa upya. Na swali lililobaki pale ni zito kuliko mawe yake yote: ukishalisimamisha daraja, je, watu watavuka?

WANAUME NA NUSU

Tuanze na hao wachupaji, maana ndio wanaotoa macho ya wageni.

Kutoka mgongoni mwa daraja mpaka kwenye maji ni mita 20 na ushee, inategemea mto umejaa au umepungua. Ule ubao mrefu kuliko yote unaouona kwenye mashindano ya Olimpiki ni mita 10. Kwa hiyo zidisha mara 2, halafu ondoa bwawa la kuogelea, weka mto wenye mkondo, na maji ambayo hata jua la Julai haliwezi kuyatoa ubaridi wake. Ukitua vibaya, maji hayo ni kama sakafu ya saruji.

Ndiyo maana mchupaji haendi tu kama anayekimbilia basi. Kwanza anajimwagia maji baridi ili mwili usije ukapata mshtuko. Kisha anapanda ukingoni, anajinyoosha, anaangalia chini, anashuka, anapanda tena. Wageni wanashika roho mkononi. Mwenzake anazunguka kukusanya hela, na hapo ndipo mjini panapoitwa mjini: hela isipotosha, mtu harukiii ng'o! Zikitimia, anaruka.

Wapo wanaotangulia miguu, wima kama mshale. Wapo wale mafundi wanaoruka mtindo wa lasta, maana yake mbayuwayu: mikono imetandazwa, kifua mbele, kichwa kinatangulia. Kuanzia juu mpaka majini ni kama sekunde 2 tu. Ukipiga chafya umekosa.

Mchezo huu si wa jana. Msafiri maarufu wa Dola ya Osmani, Evliya Çelebi, alipita Mostar mwaka 1664 na akaandika kuhusu vijana waliokuwa wakijirusha kutoka darajani. Mashindano rasmi ya kila mwaka yalianza 1968. Na tangu 2015 mashindano ya dunia ya Red Bull nayo yamekuwa yakifika pale: wanaume wanajengewa jukwaa juu zaidi, mita 27, na wanawake wanaruka kutoka mita 21. Ndiyo, wanawake. Kwa hiyo dada zetu, ile habari ya kuketi pembeni mkisubiri kuposwa na mashujaa, imeshapitwa na wakati.

CHUMVI ILIPITA HAPA

Sasa daraja lenyewe lilifuata nini pale? Lilifuata biashara, bwana.

Kusini magharibi mwa Mostar kuna bahari ya Adria na bandari zake, ikiwamo Dubrovnik, mji wa wafanyabiashara waliokubuhu. Upande wa bara, milimani, kuna Bosnia ya kati yenye madini. Chumvi na bidhaa za baharini zinapanda, madini na mali za bara zinashuka, na katikati ya safari mto Neretva umekaa kama askari wa kizuizini: hupiti bila kuvuka.

Mwanzoni palikuwa na daraja la mbao lililoning'inizwa kwa minyororo. Lilikuwa likiyumba kiasi kwamba kulivuka kulihesabiwa ni kucheza na maisha. Fikiria wewe ni mwenye farasi 10 waliobeba chumvi, halafu daraja linacheza chakacha. Mwaka 1557 wenyeji wakapeleka ombi kwa Sultani Suleimani, yule mkubwa kabisa wa Waosmani, awajengee daraja la kueleweka. Miaka 9 baadaye, 1566, likawa tayari.

Hata jina la mji limetoka hapo. Kwa lugha ya kwao "most" ni daraja, na walinzi wa daraja waliitwa mostari. Minara yao 2 ya mawe, Halebija na Tara, ipo mpaka leo, mmoja kila upande. Kwa hiyo kama sisi tuna miji iliyopewa jina la mti, kisima au mzee fulani, wenzetu mji mzima umepewa jina la walinda daraja. Penye daraja msafara unasimama, msafara ukisimama unakula, unalala, unatengeneza kwato za farasi, unanunua kitu. Ndivyo soko la mafundi wa shaba na fedha lilivyoota kando ya daraja. Uchochoro ule, Kujundžiluk, bado unauza vyombo vya shaba mpaka leo, ingawa mteja sasa hana farasi, ana kamera.

FUNDI ALIYECHIMBA KABURI LAKE

Fundi mkuu aliitwa Mimar Hayruddin, anayetajwa kuwa mwanafunzi wa Mimar Sinan, yule msanifu aliyejenga misikiti mikubwa ya Istanbul. Masimulizi yanasema Sultani alimpa Hayruddin maneno mafupi: daraja likianguka, na kichwa chako kinaanguka. Basi siku ya kuondoa majukwaa ya mbao yaliyokuwa yamelishikilia tao, eti fundi hakuonekana. Wapo wanaosema alitoroka, wapo wanaosema alikutwa mahali anachimba kaburi lake mwenyewe, asije akawasumbua watu.

Majukwaa yakatolewa. Daraja likakaa kimya. Na likaendelea kukaa kwa miaka 427.

Siri yake ni nini? Tao lina upana wa karibu mita 29 kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati hapana nguzo hata moja. Mawe yake yanaitwa tenelija, ni ya chokaa ya hapo hapo, mepesi na rahisi kuchongwa. Yalifungwa pamoja kwa vyuma vya kubania, kisha ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa. Nazungumzia risasi ile ya madini, si ya bunduki. Ya bunduki inakuja mbele.

Lakini kinacholishikilia tao hasa si vyuma, ni msongamano. Chukua daladala ya saa 12 jioni. Umesimama katikati, hujashika bomba, mkono mmoja umeshika mfuko, mwingine umeziba pochi. Dereva anafunga breki. Unaanguka? Utaangukia wapi! Umebanwa kushoto na mama wa samaki, kulia na mwanafunzi, nyuma na konda. Kila mmoja anamsukuma mwenzake na ndiyo maana wote mmesimama. Tao la mawe ni hivyo hivyo. Kila jiwe linataka kuanguka, linamwegemea jirani, jirani anamwegemea jirani, mpaka uzito wote unaishia kwenye kingo za mto. Mawe hayo hayajapendana. Yamebanana tu, na kubanana kukawa nguvu.

Mkumbuke huyo abiria wa daladala, maana Mostar yenyewe ilikuwa inaishi hivyo.

MARAFIKI WALIPOGEUKIANA

Kwa hesabu ya sensa ya 1991, wilaya ya Mostar ilikuwa na watu kama 126,000. Wabosniaki, yaani Waislamu wa Bosnia, na Wakroati, ambao wengi ni Wakatoliki, walikuwa karibu nguvu sawa, kila kundi kama theluthi moja. Waserbu, ambao wengi ni Waorthodoksi, walikuwa karibu mmoja katika kila watu 5. Lugha yao wanaelewana bila mkalimani. Walikuwa wakioana, wakikaa ghorofa moja na kushangilia timu moja. Ukimuuliza kijana wa wakati huo yeye ni nani, jibu la kwanza lilikuwa: mimi wa Mostar.

Yugoslavia ilipoanza kumeguka, mwaka 1992 mji ukapigwa kutoka milimani na jeshi la Yugoslavia pamoja na vikosi vya Waserbu. Wakroati na Wabosniaki wakasimama bega kwa bega wakawarudisha nyuma. Daraja nalo lilijeruhiwa, lakini likasimama.

Halafu likaja la kushangaza. Mei 1993 hao hao waliokuwa handaki moja wakageuziana mitutu. Mstari wa vita ukapita kwenye barabara moja katikati ya mji, inayoitwa Bulevar. Wakroati wakashika magharibi. Wabosniaki wa upande huo wakafukuzwa majumbani, wengine wakafungwa makambini, wengine wakasukumwa kuvuka kwenda mashariki, ambako watu walibanwa miezi kadhaa kwa njaa, kiu na makombora. Familia zilizochanganya damu ndizo zilizopata tabu ya kipekee: baba anatakiwa upande ule, mama upande huu, mtoto je?

Wakati huo madaraja mengine ya mji yalikuwa yameshavunjwa. Limebaki la kale. Watu wakalivika matairi mabovu, mbao na mabati, kama mtu anayemfunika mgonjwa blanketi. Walikuwa wakivuka wakiwa wameinama kutafuta maji, chakula na dawa, na wanajeshi wa upande wa mashariki nao walikuwa wakipita hapo hapo kwenda mstari wa mbele. Hili la wanajeshi lishike vizuri, tutalirudia.

Novemba 8 mwaka 1993 kifaru cha jeshi la Wakroati wa Bosnia kikaanza kulitandika. Kesho yake asubuhi, Novemba 9, saa 4 na robo hivi, tao likakatika. Kulikuwa na kamera, na picha ile ikazunguka dunia nzima: mawe ya 1566 yanashuka majini kama sukari kwenye chai. Tarehe hiyo hiyo, miaka 4 kabla, ndiyo ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Ulaya moja, siku moja ya mwaka: huku ukuta unaanguka watu wanakumbatiana, kule daraja linaanguka watu wanalia.

Wengi walishangaa walivyolia. Mji ulikuwa umeshazika watu wengi, iweje mtu alilie mawe? Jibu si gumu. Mtu unajua siku moja atakufa. Daraja lile hakuna aliyewahi kufikiri kwamba litakufa kabla yake.

KESI YAKE NA ARUSHA

Baada ya vita, wakubwa 6 wa upande wa Wakroati wa Bosnia walifikishwa The Hague, Uholanzi, mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya makosa ya kivita ya Yugoslavia. Mahakama hiyo ilikuwa dada wa ile ya Rwanda iliyokuwa Arusha. Dada hao walikuwa na chombo kimoja cha rufaa, na walipofunga milango, ile ya Arusha 2015 na ile ya The Hague 2017, kazi zilizobaki zilirithiwa na chombo kimoja chenye ofisi miji yote 2. Kwa hiyo faili la daraja la Mostar, ukilifuata ukoo, lina ndugu Arusha.

Mei 29, 2013, majaji wa awali wakasema kwa wingi wa kura kwamba daraja lilikuwa likitumiwa na jeshi, sawa, lakini madhara waliyopata raia kwa kuvunjwa kwake yalizidi mno faida yoyote ya kivita. Kwa hiyo kulivunja ni kosa. Lakini rufaani, Novemba 29, 2017, majaji nao kwa wingi wa kura wakaligeuza hilo. Wakasema jeshi lilikuwa linalitumia, basi wakati ule lilikuwa shabaha ya kijeshi, na kulibomoa hakuwezi kuhesabiwa uharibifu usio na sababu ya kivita. Hata hivyo hukumu za wale 6 kwa mauaji, mateso na kufukuza watu zilibaki, kuanzia miaka 10 hadi 25 jela.

Siku hiyo ndiyo ile ambayo mmoja wao, Jenerali Slobodan Praljak, alipothibitishiwa miaka yake 20, alisimama, akakana kuwa mhalifu, akanywa sumu mbele ya majaji huku televisheni zinaonyesha. Alifariki siku hiyo hiyo.

Unaweza kuisoma hukumu ile ya rufaa ukakasirika, unaweza kuisoma ukasema sheria ni sheria. Ila inafundisha jambo moja. Daraja ambalo jana lilikuwa la wauza chumvi, wachumba na wanafunzi, siku moja tu ya vita inatosha kuliita shabaha. Halikuhama mahali pake. Waliohama ni watu.

MAWE YALIREJEA

Kulijenga upya lile lile lilivyokuwa ndiyo ilikuwa kauli ya mji. Mwaka 1997 wapiga mbizi wa jeshi la Hungary walishuka mtoni wakayaopoa mawe ya zamani. Lakini mengi yalikuwa yamechoka mno kubeba mzigo tena. Mawe mapya ya tenelija yakachimbwa hapo hapo Mostar na yakachongwa kwa namna ya mababu, pamoja na vile vyuma na risasi ya kuyeyusha. Benki ya Dunia, UNESCO na nchi kadhaa zilichangia, zikiwamo Uturuki, Italia, Uholanzi, na Kroatia yenyewe. Vitongoji vya kando ya daraja vilishughulikiwa na World Monuments Fund pamoja na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, hao hao walioikarabati bustani ya Forodhani, Zanzibar, ikafunguliwa tena 2009. Kwa hiyo ukila urojo Forodhani ujue una jamaa zako Mostar.

Ujenzi ulianza 2001. Julai 23, 2004, daraja likafunguliwa kwa fataki na muziki, wachupaji wakajirusha, wageni wa heshima wakapiga makofi. Mwaka uliofuata UNESCO ikaliingiza pamoja na mji wake wa kale kwenye Urithi wa Dunia, la kwanza kwa nchi ile.

Hapo akatokea mjuaji: ah, hilo si la kale, ni nakala! Si kosa lake. Lakini msikiti wa kijijini kwenu ukiezuliwa na upepo, mkauezeka upya pale pale, kwa vipimo vile vile, utasema huo si ule? UNESCO wenyewe hawakujifanya hawajui kwamba mawe ni mapya. Walichokipa heshima ni pamoja na ile nia ya kujenga upya na kupatana.

Nia, ndiyo. Sasa tuangalie matendo.

SHULE MOJA, DARASA MBALIMBALI

Mostar ya leo ina vyuo vikuu 2 vya umma, kila kimoja na upande wake. Kwa miaka mingi ilikuwa na vikosi 2 vya zimamoto. Hebu fikiria nyumba inawaka, halafu mnaulizana moto huu ni wa upande gani.

Shule ya sekondari ya zamani kabisa ya mji, Gimnazija, ina jengo zuri lililokuwa gofu baada ya vita. Mwaka 2004, mwaka ule ule wa daraja, uongozi wake uliunganishwa. Lakini wanafunzi wa Kikroati na wa Kibosniaki wakabaki na mitaala tofauti, hivyo masomo mengi wanasoma mbalimbali: lango moja, ngazi moja, madarasa mawili. Cha kutia moyo ni kwamba mwaka 2006 jengo hilo hilo lilipata wapangaji, chuo cha kimataifa cha United World College, ambacho wanafunzi wa makundi yote pamoja na wageni wanasoma darasa moja. Paa moja, na majibu 2 ya swali moja.

Kwenye soka usiombe. Velež, timu nyekundu iliyoanzishwa 1922, ilikuwa ya mji mzima na ilichukua Kombe la Yugoslavia 1981 na 1986. Zrinjski ilianzishwa 1905, ikapigwa marufuku 1945, ikafufuka 1992. Baada ya vita Zrinjski ikawa ya magharibi na ikaupata uwanja ambao Velež ilikuwa ikichezea. Velež ikahamia kitongojini. Sisi tuna Simba na Yanga, tunataniana, tunanyimana chai ofisini, jioni tunarudi nyumba moja. Kule ukivaa jezi umeshasema unakaa upande gani wa mji na babu yako anasali wapi.

Hata hivyo mpira nao una vituko vyake. Msimu wa 2003-04, wakati mafundi wanamalizia daraja, Zrinjski iliazima kijana mwembamba wa miaka 18 kutoka Dinamo Zagreb. Alikuwa anaitwa Luka Modrić. Miaka 14 baadaye akatwaa Ballon d'Or. Na mwaka 2023 Zrinjski ikawa timu ya kwanza ya Bosnia kuingia hatua ya makundi ya kombe la Ulaya, ikaanza kwa kufungwa 3-0 na AZ Alkmaar mpaka mapumziko, ikarudi na kushinda 4-3!

Siasa ndiyo ilikuwa kizaazaa. Uchaguzi wa madiwani ulifanyika 2008. Mwaka 2010 mahakama ya katiba ya nchi ikasema baadhi ya kanuni zake zina kasoro, vyama vikubwa vikashindwa kuafikiana mpya, basi mwaka 2012 kimya, 2016 kimya. Kijana aliyetimiza miaka 18 mwaka 2009 alikaa mpaka ana miaka 29 hajamchagua diwani. Aliyevunja ukimya ni mwalimu wa falsafa wa hapo hapo mjini, Bi Irma Baralija. Aliishitaki nchi yake mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, na Oktoba 2019 akashinda. Desemba 20, 2020, Mostar ikapiga kura. Mama yule hakuchupa kutoka daraja lolote, lakini aliruka kutoka juu zaidi ya wote.

HATA BRUCE LEE YUMO

Na sasa kioja cha kufungia kazi. Vijana wa Mostar waliochoshwa na sanamu za mashujaa wa upande huu na upande ule, walijiuliza: yuko nani ambaye kila mtu mjini hapa alimpenda utotoni, Mkroati, Mbosniaki na Mserbu? Wakapata jibu moja. Bruce Lee! Yule yule ambaye baba zenu walijazana sinema za Dar kumtazama, wakatoka nje wanarushiana mateke.

Novemba 26, 2005, sanamu yake ya shaba ikazinduliwa kwenye bustani ya mji, siku moja kabla ya Hong Kong kuzindua ya kwao. Ilitazamishwa kaskazini, ili asije mtu akasema mzee anaulinda upande wake. Haikupita muda wahuni wakaiharibu. Ikatolewa kutengenezwa, ikarudi 2013. Machi 2024 ikaibwa, wenye tamaa ya shaba hawajui kung fu wala upatanisho.

Lakini wazo lile halikuibwa. Watu waliotoka vitani waliketi chini wakatafuta kitu kimoja wanachokipenda wote, wakakipata, wakacheka. Kucheka pamoja ni jiwe la tao.

KURUKA SI KAZI

Ukifika Mostar leo utawakuta wageni wamejaa darajani, wanateleza kwenye mawe yaliyong'arishwa na viatu. Hao wanavuka bila kufikiri. Kwa wenyeji ni jambo jingine. Wapo vijana waliozaliwa baada ya vita ambao upande wa pili wa mji wanaufahamu kidogo sana. Hakuna askari anayewazuia. Hakuna kizuizi wala kibali. Kinachowazuia ni kwamba shule yao, timu yao na washikaji wao wote wako upande huu, basi waende kule kufanya nini?

Na hapo msomaji wangu usijione uko mbali. Miji yote ina Neretva yake. Upo mtaa ambao hujawahi kukanyaga kwa sababu nyumbani walikwambia wale watu si wetu. Lipo kabila ambalo unalijua kwa vichekesho tu. Yupo shoga yako mliyegombana tangu mwaka juzi, nyumba zimetenganishwa na uchochoro mmoja.

Kuchupa kutoka Daraja la Kale ni sekunde 2, watu wanashangilia, kofia inazunguka, hela inaingia. Kuvuka hakuna anayekushangilia. Unavuka leo, kesho unavuka tena kwenda kununua mkate, keshokutwa kumjulia hali mgonjwa, mpaka siku moja unakuta umesahau upo upande gani. Kazi ya daraja ni hiyo tangu enzi za wauza chumvi.

Kwa hiyo mabinti wa Mostar, na wa Manzese, na wa Mwanza, akija kijana anajisifu kwamba amechupa, mpigieni makofi, anastahili. Kisha mwulizeni swali moja tu: je, kuvuka umeshavuka?